Walilala wapi waliopita njia hii?

Juma lililopita nilikuwa Ruhembe. Asiyepajua nitamwelekeza. Unatoka Dar es Salaam kwa barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya, unapita Morogoro, unakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi huku ukichungulia twiga dirishani, na ukishafika Mikumi mjini unaiacha barabara kuu, unashika mkono wa kushoto kuelekea Kidatu na Ifakara. Kabla hujauvuka mto Ruaha Mkuu unajikuta umezungukwa na miwa kila upande. Hapo ndipo Ruhembe, wilaya ya Kilosa. Wengi wetu tumekwishaionja Ruhembe ndani ya kikombe cha chai bila kujua jina lake.

Kilichonipeleka huko ni shughuli ya ukoo, na haiwahusu. Kinachowahusu ni usiku mmoja niliolala Mikumi wakati wa kurudi.

Katika uwanja wa nyumba ya wageni niliyofikia palikuwa na gari ambalo sikuwahi kuliona lake kwa karibu. Kwa miguu lilikuwa lori, lakini mgongoni limejengewa nyumba kamili: madirisha yenye mapazia, kitanda, jiko la gesi, choo, tangi la maji, na juu ya paa vioo vya kuvuna umeme wa jua. Wenyewe walikuwa mtu na mkewe, Wajerumani, wazee waliokwishastaafu. Waliliteremsha kutoka melini huko Afrika Kusini, na sasa wanapanda nalo polepole hadi Kenya. Hawakupanga chumba. Walilipia nafasi ya kuegesha, maji ya bomba na bafu, basi. Ilipogonga saa mbili usiku wakafunga mlango wao, taa ikazimika.

Nje ya uzio, hatua kama ishirini hivi, malori yaendayo Zambia na Kongo yalikuwa yamejipanga. Dereva wa lori la mwisho alikuwa amelala ndani ya kichwa cha gari, miguu imetokeza dirishani. Utingo wake, kijana mwembamba, alitandika boksi la katoni chini ya tela, akajifunika shuka hadi usoni kwa ajili ya mbu, akanyamaza.

Nikakaa barazani nikiwaza. Watu wanne, barabara moja, usiku mmoja, na mmoja wao analala nje. Vitabu vya historia vinatueleza vizuri nani alipita nchi hii na alifika lini. Mara chache vinatueleza alilala wapi, na nani aliyemtengenezea pa kulala. Leo ningependa tuanzie huko.

Waingereza huiita nyumba ya kukokotwa na gari karavani. Asili ya neno hilo ni Kiajemi, na maana yake ni msafara, msururu wa watu na mizigo uendao mbali. Wapenda mchezo huo wa kusafiri na nyumba humhesabu Gordon Stables, daktari aliyekuwa katika jeshi la majini la Uingereza, kuwa ndiye baba yao, kwa kuwa mwaka 1885 alitengenezewa nyumba ya kukokotwa na farasi akazunguka nayo nchi kwa starehe tu, bila bidhaa wala vita. Ushikeni mwaka huo wa 1885, tutaurudia.

Sisi wakati huo tulikuwa na misafara ya namna nyingine, na sehemu ya njia yake imo katika wilaya hii hii ya Kilosa.

Lango lilikuwa Bagamoyo. Watu wa Unyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, wakarudi bara na merikani, kaniki, shanga na masango ya shaba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo zipatazo 32, na juu ya mzigo wa tajiri aliongeza vitu vyake mwenyewe: mkeka, chungu, na posho. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora ilikuwa miezi mitatu, mara nyingine zaidi. Miezi mitatu ni usiku tisini. Tisini za kulala nje.

Richard Burton na mwenzake John Speke walipita mwaka 1857. Burton alikuwa na dharau kwa watu weusi ambayo inachosha kuisoma, lakini alikuwa na jicho, na alituachia maelezo ya kambi ambayo sijaona mengine yaliyo mazuri zaidi. Msafara uliamka kabla ya jua, ukatembea hadi joto linapoanza kuchoma, ukatua. Aliyetangulia alikuwa kirangozi, ndiye kiongozi, amevaa mapambo ya kichwani ili aonekane kutoka nyuma, na hapana aliyeruhusiwa kumpita. Wakishatua, mizigo inawekwa chini na kila kundi linashika kazi yake. Hawa wanakata miiba ya kuzungushia boma, hawa wanakata matawi na majani ya kujengea vibanda, hawa wanakwenda maji na kuni. Kwa muda mfupi kijiji kinasimama mahali palipokuwa pori. Kisha kila mtu anapimiwa kibaba chake cha nafaka, mioto inawaka, na waliokuwa wakilalamika mchana kutwa kuwa miguu imekufa wanaanza kucheza ngoma.

Wanawake nao walikuwemo, wake wa wapagazi na wengine waliojitegemea, na nani alikuwa akisaga na kupika ni jambo ambalo halihitaji kuulizwa.

Wazungu walikuwa na hema. Lakini hema halitembei lenyewe. Lilibebwa na mtu, likasimamishwa na mtu, na mtu huyo alipomaliza ndipo akaenda kujitafutia matawi ya kibanda chake. Asubuhi hema lilikunjwa, vibanda vikaachwa vimesimama. Msafara uliofuata ulivikuta, ukavitumia, pamoja na kunguni na viroboto wa waliotangulia, na pengine ndui yao.

Na ni nani aliyejua pa kulala? Hilo ndilo swali kubwa la safari yoyote. Ukikosea hesabu ya maji kwa siku moja, watu wanakufa. Palipokuwa na mwendo mrefu usio na maji walifanya terekeza: walianza safari mchana jua likiwa kali, maji wameyabeba, wakalala pakavu popote usiku ulipowakuta, alfajiri wakaendelea mpaka wayafikie mengine. Ujuzi wa namna hiyo haukuwamo katika ramani za London. Ulikuwa katika vichwa vya watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akarudi Unguja akiwa mtu huru. Bombay alisafiri na Burton na Speke, akasafiri tena na Speke na Grant, akasafiri na Stanley mwaka 1871, kisha na Cameron aliyekata bara zima hadi pwani ya magharibi. Chama cha Jiografia cha Uingereza kilimpa nishani na pensheni mwaka 1876. Alikufa mwaka 1885. Mwaka ule ule, mnaona, ambao daktari wa Uingereza alipanda karavani yake.

Huyo Stanley alikuja akimtafuta Livingstone, na watu wapatao 190 aliowagawa katika makundi matano. Alifika tambarare ya Mkata wakati wa masika. Tambarare hiyo ndiyo ile ambayo sehemu yake ya kusini leo imo ndani ya hifadhi, penye nyati na tembo, mkono wa kulia ukitoka Morogoro. Yeye alivuka upande wa kaskazini zaidi, akaikuta imegeuka ziwa la matope. Siku kadhaa watu walitembea majini mizigo ikiwa vichwani. Mwenyewe alishikwa na tumbo la kuhara, mbwa wake akafa, na walipotoka ng'ambo walijitupa Rehenneko, chini ya milima ya Usagara, wakapumzika kabla ya kulishika bonde la Mkondoa, mto unaopita Kilosa. Kutoka Bagamoyo hadi Mpwapwa ilimchukua karibu miezi miwili. Aliandika mwenyewe, bila kuona haya, jinsi alivyowachapa viboko na kuwafunga minyororo waliojaribu kutoroka. Mimi ningetoroka Mkata.

Baada ya Mpwapwa ulikuwa Ugogo, na huko palikuwa na hongo. Wengi leo mtashtuka kusikia kwamba neno hili zamani halikuwa la aibu. Hongo ilikuwa ushuru wa kupita. Mtemi alikuwa na visima, alikuwa na nafaka, alikuwa na mahali pa kulala pasipo hatari, na msafara uliotaka vitu hivyo ulimlipa nguo kwa mapatano ya wazi, pengine baada ya siku tatu za kubishana. Wasafiri wa Kizungu waliandika kurasa na kurasa wakilia juu ya hongo. Sikumbuki hata mmoja aliyelia juu ya ushuru wa barabara wa kwao Uingereza, uliokuwapo enzi hizo hizo. Leo neno hilo tumelipeleka kwenye bahasha na kona za giza, na ushuru wa kweli tumeutafutia majina mengine.

Nimeahidi kurudi kwenye 1885. Novemba 1884 alipita katika nchi ya Usagara Mjerumani kijana, Karl Peters, na wenzake wachache, wakitokea pwani ya Saadani. Alikuwa msafiri kama wasafiri wengine: wapagazi, hema, zawadi za kumpa mwenye nchi. Alifika Msowero, iliyomo katika wilaya hii ya Kilosa, akakaribishwa na Mangungo. Akatoa zawadi, akatoa na karatasi iliyoandikwa Kijerumani, Mangungo akaweka alama yake. Februari 1885 mfalme wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi hizo zote, na mpita njia akawa mwenye nyumba.

Shuleni tulifundishwa kumcheka Mangungo. Mimi simcheki tena. Kwa desturi ya njia ile, mtu aliyefika jioni na wapagazi wake akakupa nguo na kinywaji alikuwa anaomba maji, chakula na pa kulala, na urafiki wa kumwezesha kupita tena. Mangungo aliipokea hongo kama baba zake walivyoipokea. Nani angemwambia kwamba safari hii mgeni akiamka asubuhi ataondoka na nchi?

Mambo yaliyofuata nitayapita upesi. Wajerumani walianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, ikapanda kupitia Kilosa, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Treni haikati miiba wala haipimi kibaba. Njia ya wapagazi ikafa, na Bagamoyo ikaanza kulala usingizi wake mrefu. Lakini upagazi wenyewe haukufa, kwani vita ya 1914 iliurudisha kwa nguvu. Wapagazi wa vita walikusanywa kwa mamia ya maelfu, na makumi ya maelfu wakafa kwa njaa, kuhara na mizigo. Kariakoo, pale mnapokwenda kununua viazi, ni jina la kikosi chao, mdomo wetu ulivyolifupisha la Kiingereza. Pale katikati ya Dar es Salaam ipo sanamu iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawataja wapagazi, lakini aliyesimama juu ni askari na bunduki yake. Mpagazi hakuchongwa.

Kisha ikaja zamu ya mkonge. Kilosa ilikuwa wilaya ya mkonge, na watu wa kuukata walitoka mbali, Njombe, Songea, Kigoma, wakaitwa manamba kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Serikali ya Mwingereza iliunda Idara ya Kazi mwaka 1926, na zikajengwa kambi za kulala watu hao njiani, kwani wengi walikuwa wakija kwa miguu na kufika mashambani wakiwa mifupa.

Mpaka hapo sijaigusa Mikumi, kwa sababu Mikumi ya mji haikuwapo katika hadithi hizo. Lilikuwa pori lenye mikumi, hiyo miti mirefu ya jamii ya mnazi iliyolipa jina. Mji ni mtoto wa barabara. Katika miaka ya 1950 ilijengwa barabara ya Morogoro hadi Iringa, ikapita katikati ya wanyama, na wawindaji wakawafuata wanyama kwa magari. Hifadhi ikatangazwa mwaka 1964 kuwanusuru. Mwaka uliofuata, tarehe 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia ya Kusini wakajitangazia uhuru wao, na barabara yetu ya vumbi ikageuka kuwa shingo ya kupumulia ya nchi nzima ya Zambia.

Habari hii nilitaka kuisikia kwa mtu na si kwa kitabu, na Ruhembe nilimpata. Ni mzee wa huko, jirani wa watu wangu, na kwa kuwa hakuomba kutajwa sitamtaja.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, "nimeambiwa wewe ulikwenda Zambia na mafuta."

"Marahaba mwanangu. Sikwenda na mafuta. Nililala nayo."

Alitoka Njombe akiwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, akapata kazi ya utandiboi, neno la zamani la utingo. Mafuta ya Zambia hayakuweza tena kupita kusini, kwa hiyo yalipakiwa kwenye mapipa Dar es Salaam na kupelekwa kwa malori hadi migodi ya shaba, mwendo wa kilomita zipatazo 1,900, na wakati wa kurudi lori likabeba shaba. Barabara ilikuwa udongo mtupu. Kiangazi vumbi lilificha gari la mbele, masika matope yakameza magurudumu, na mlima Kitonga ulikuwa na mifupa ya magari chini ya kila kona. Madereva wa Kizungu waliiita barabara ya Jehanamu, jina likashika.

Nikamwuliza walilala wapi. Akaniambia dereva alilala ndani, tandiboi chini ya gari, kati ya magurudumu ya nyuma, na hiyo ilikuwa sheria isiyoandikwa na haikuvunjwa hata mvua ikinyesha. Moto ulikatazwa karibu na lori, kwa hiyo ugali ulipikwa mbali, hatua kama hamsini, na kila mmoja akala akitazama gizani. Walipokwama matopeni hata siku tatu walikula kwa wenyeji, wakalipa kwa sabuni na chumvi. Usiku mmoja, hapo hapo Mikumi, simba alinguruma karibu mno, naye akaruka juu ya mapipa akajilaza humo. Dereva akamwambia kutoka ndani kwamba afadhali abaki huko huko, simba hali petroli. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaacha kucheka, akaniambia kwamba mwenzake mmoja aliyelala chini ya gari hakuamka, kwa kuwa dereva aliamka usiku akiwa na haraka, akasahau kumwita.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, na mapipa yakapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika. Kuanzia 1970 hadi 1975 Wachina na vijana wetu wakajenga reli ya TAZARA, ambayo haikupita Mikumi, ilipita Kidatu. Mzee wangu akaiacha barabara, akashuka Mikumi na begi lake, akashika njia ya kushoto. Kiwanda cha kwanza cha sukari cha Kilombero kilikuwa kimeanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na cha pili, kilicho upande wa Ruhembe, kilifuata katikati ya miaka ya 1970. Watu walitakiwa. Alikuja kukata miwa kwa msimu mmoja tu, apate mtaji arudi Njombe. Alipewa kitanda kambini, chumba kimoja watu wengi. Kambi, neno lile lile la Burton. Msimu ukaisha, akabaki kusubiri mwingine. Sasa ana wajukuu waliozaliwa hapo na wasiokijua Kibena hata cha kuomba maji. Ukizunguka Ruhembe utakuta Mbena, Mhehe, Mnyakyusa, Mngoni, Mpogoro na Msagara mwenyewe, na ukiwauliza waliingiaje, wengi watakuambia baba au babu alikuja kwa msimu. Ni kambi ambayo hapana aliyekumbuka kuivunja.

Mikumi nayo ilikua kwa namna yake. Lori lisilopasua magurudumu bado lina dereva anayesinzia, na anayesinzia hununua chai, hununua wali, hununua kitanda. Zikaja gesti, gereji, mama ntilie, wauza nyama choma, na wanawake waliotoka vijijini kuja kuuza walichokuwa nacho. Ukimwi ulipoingia katika miaka ya 1980 na kuendelea katika 1990, vituo vya malori katika barabara hii viliumia mapema na viliumia sana. Nakumbuka tulivyozungumza wakati ule, redioni na barazani: lawama yote iliwaangukia wanawake wa vituoni, kana kwamba walijilaza peke yao. Wale waliokuwa wakiwapikia wapagazi mwaka 1857 hatukuwaandika majina, na hawa wa Mikumi tuliwaandika kwa jina moja tu, ambalo sitalirudia hapa.

Halafu palikuwa na sisi abiria. Katika miaka ya 1990 mabasi yalikatazwa kusafiri usiku kwa sababu ya ajali, na basi lililochelewa lilisimamishwa lilipo. Nikiwa mwanafunzi nililala Mikumi kwa njia hiyo, ndani ya basi ambalo sitalitaja, lililokuwa limeharibika mara mbili kabla ya kufika Morogoro. Wenye fedha walishuka wakapanga vyumba. Wenye watoto walibaki vitini. Sisi vijana tulitandika magazeti chini, kati ya gari na ukuta, na mama mmoja muuza uji akatupa maturubai yake bila kutudai senti. Magazeti ni kitanda kibaya, nasema hivi nikiwa mtu ninayeishi kwa magazeti.

Katazo hilo liliondolewa mwaka 2023. Sasa basi linatoka Dar es Salaam jioni, linapita Mikumi usiku wa manane, na muuza chai anaona taa zake tu. Anayebaki kumlipa ni dereva wa lori. Barabara inapita ndani ya hifadhi kilomita 50, na matuta yamewekwa na mabango ya faini za kugonga mnyama yamesimama kando, lakini usiku swala hasomi bango, na dereva mwenye usingizi naye hasomi. Huko Kilosa mjini, reli ya kisasa ya umeme imeanza kupita tangu 2024. Bonde la Mkondoa, ambalo mafuriko yake yaliizoa reli ya Mjerumani mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, wamelikwepa kwa mahandaki ndani ya milima. Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni saa nne, pengine pungufu. Stanley angelia. Kituo cha Kilosa ni kizuri, lakini ni nani atakayelala Kilosa ikiwa saa chache baadaye yuko Dodoma?

Sisemi mabasi yarudishiwe kufuli, wala sitaki mtu ye yote arudi kulala matopeni Mkata. Lakini Zungomero, ambayo Burton aliikuta imejaa misafara kama bandari, leo nani anaijua? Rehenneko nani anaijua? Zilikuwa Mikumi za wakati wake. Wanaopanga barabara na reli huandika kilomita na saa, na katika karatasi zao sijaona mstari wa yule anayeishi kwa uchovu wa wengine. Wala wa yule utingo. Tumejenga mizani za kupimia mzigo wake katika barabara hii hii, gramu kwa gramu, na hatujamjengea banda lenye bomba na choo ambalo angelipia kwa fedha ndogo, kama wale Wajerumani walivyolipia uwanja wa gesti.

Alfajiri ile nilitoka kutafuta chai. Gari la Wajerumani lilikuwa bado na mapazia. Malori yote yalikuwa yamekwishaondoka, na mahali pa lile la mwisho palibaki doa la oili na boksi la katoni, limekunjwa vizuri na kuwekewa jiwe juu lisipeperushwe. Nikamwuliza mama wa chai kama kijana amelisahau. Akasema hapana, hulikuta hapo, na akiondoka huliacha, jioni atakuja mwingine.